Soma chupa kabla hujanywa dawa ya kikohozi

Dawa iitwayo efedrini nilikutana nayo kwanza nikiwa kwenye meza ya upasuaji. Nilikuwa nimechomwa sindano ya ganzi mgongoni, na dakika chache tu baadaye kichefuchefu kikanipanda, masikio yakavuma. Presha ilikuwa imeshuka. Daktari wa usingizi akanipitishia dawa kidogo kwenye mshipa, na muda si mrefu nikaona taa za juu vizuri tena. Nikamuuliza jina la dawa hiyo, akaniambia.

Miezi kadhaa baadaye kikohozi kikanishika, nikanunua dawa ya maji na kunywa kabla ya kulala. Usingizi haukuja. Moyo ulidunda mpaka nikawa nausikia kwenye mto, na glasi ya maji ikatetemeka mkononi. Alfajiri nikawasha taa, nikasoma yale maandishi madogo. Efedrini, ile ile!

Kumbe si ajabu. Dawa hii asili yake ni mmea wa efedra, ambao Wachina wameutumia tangu kale; Mjapani Nagai Nagayoshi ndiye aliyeitenga kutoka kwenye mmea huo mwaka 1885. Huuchochea mwili kumwaga noradrenalini, kemikali ya mwili yenyewe inayouamsha: mishipa ya damu inabana, presha inapanda, moyo unaenda mbio, njia za hewa zinapanuka. Kwa hiyo humsaidia anayekohoa kwa sababu kifua kimebana. Kama ni koo linalowasha tu, kama langu usiku ule, unaupa moyo kazi ya bure.

Wewe mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa moyo au shida ya tezi dume, nakuomba umwambie mfamasia kabla hujalipa. Anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI asiiguse kabisa, hata ndani ya wiki mbili baada ya kuziacha, maana presha inaweza kupaa kwa kiwango cha kuua.

Na wewe ambaye presha yako hushuka, usijitibu kwa dawa ya kikohozi. Huenda umepungukiwa maji au damu, na hilo litabaki palepale. Tena ukirudia dozi mfululizo, akiba ya noradrenalini hupungua na dawa inakosa nguvu. Hapo ndipo watu huongeza kipimo wakajiumiza.

Siku hizi nauliza kwanza: humu mna efedrini au ndugu yake, pseudoefedrini? Ikiwemo, na daktari ameridhia, dozi ya mwisho naimaliza alasiri.