Jibu: Seli T haziitikii CD3, nibadili mada ya uzamivu?

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: unaziamsha seli T (seli za kinga za damu) kwa kingamwili inayoshika CD3, sehemu ya kipokezi chao, lakini kalsiamu ndani ya seli, ambayo ni dalili ya kuamka, haipandi, na sasa unataka kuacha utafiti wa ishara za kinga. Usiamue bado.

Anza na ionomaisini, kemikali ya kujaribia, kwa sababu hupandisha kalsiamu bila kupitia kipokezi. Ikipanda, rangi ya kupimia na seli ni nzima. Tafuta tatizo kwenye kingamwili au kipokezi. Isipopanda, kagua rangi, uhai wa seli, na kama kimiminika chako kina EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu.

Kwa nilivyoona maabara, kingamwili ndiyo husumbua zaidi. Ikielea peke yake kwenye seli zilizotulia, mwitikio huwa hafifu mno. Ongeza kingamwili ya pili ya kuzifunga pamoja zile za kwanza, weka joto nyuzi 37, na uanze kurekodi kabla ya kuiongeza, maana mpando huja upesi. Hakikisha pia kingamwili ya CD3 inafaa spishi yako: ile iitwayo OKT3 ni ya seli za binadamu, 2C11 ni ya seli za panya.

Na kama seli kweli haziitikii CD3, kimya hicho kina thamani kubwa. Mwaka 1994 walielezwa wagonjwa waliokosa ZAP-70, kimeng'enya kinachopeleka ishara ya kipokezi ndani ya seli: seli zao T za aina ya CD4 hazikuitikia kipokezi, ila ziliitikia PMA (kemikali nyingine isiyohitaji kipokezi) na ionomaisini. Kwa hiyo mpelekee msimamizi wako grafu mbili, ya CD3 na ya ionomaisini, kabla hamjazungumzia mada mpya.