Dozi ya kaka inapanda na kushuka: wanajaribu-jaribu?

SWALI: Salaam aleikum Bi Mfamasia. Kaka yangu, kilo 66, amelazwa chumba cha mahututi Kampala. Walisema fangasi wameingia kwenye damu. Siku ya kwanza alipewa flukonazoli miligramu 800, kesho yake 400, kisha figo zikashindwa wakashusha hadi 200. Sasa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Siku za mashine anapewa 400 akishatoka, siku nyingine 200. Mimi nilipougua fangasi nilimeza kidonge kimoja cha 150 nikapona. Je, hawa wanajaribu-jaribu? – Msomaji, Arua

JIBU: Aleikum salaam, dada yangu, na pole sana. Hapana, hawajaribu. Ningekuwa zamu, kwa namba hizi ningeandika hivyo hivyo.

Kidonge chako kilikuwa cha fangasi wa sehemu moja tu ya mwili. Wakishaingia kwenye damu wanaua, na dozi inapigwa kwa kilo: miligramu 12 kwa kila kilo siku ya kwanza, baadaye 6. Mara 66, hiyo 12 inakupa 792, ndiyo 800 yako.

Kwa nini kubwa kwanza? Dawa hii haina haraka ya kutoka. Huchukua saa 30 hivi kupungua nusu, na ukianza na 400 tu utangoja karibu wiki nzima ifike kiwango chake. Mgonjwa wa mahututi hana wiki. Tena amejazwa maji ya dripu, na dawa inasambaa katika maji hayo yote. Kwa hiyo dozi ya kwanza haipunguzwi hata figo zikiwa mbovu. Jerikeni tupu hujazwa kwanza. Habari ya tundu lake huja baadaye.

Figo ndizo tundu lenyewe, maana sehemu kubwa ya flukonazoli hutoka kwa mkojo. Zikilegea, dawa inarundikana, ndipo dozi inakatwa nusu. Mashine nayo, kwa saa tatu tu, hutoa karibu nusu ya dawa iliyomo kwenye damu. Akipewa kabla ya kuunganishwa, nyingi inamwagwa. Ndiyo sababu wanasubiri atoke.

Mimi nina kosa langu ambalo sijalisahau. Kijana mmoja, dereva wa boda, nilimkatia dozi nusu figo zilipolegea. Zikaanza kupona, mkojo ukarudi vizuri, nami nikaiacha ile nusu siku tatu nzima kwa sababu sikurudi kuangalia kreatinini, taka ya kwenye damu inayopimwa kujua figo zinafanyaje kazi. Homa ikapanda tena. Alipona, lakini siku tatu zile zilikuwa zake na nilizipoteza mimi. Tangu hapo kila asubuhi naanza na faili la figo kabla ya faili la dawa.

Waambie pia kama kaka yako alikuwa anatumia dawa za TB. Rifampisini huifanya ini iharakishe kuiondoa flukonazoli, na nyumbani ndiko watu wanakojua habari hizo.

Ukienda kesho, muulize muuguzi au mfamasia kwa adabu: dozi ya leo imepigwa kwa kreatinini ya siku gani, na jana alikojoa kiasi gani?