Upinde na baridi ya Minnesota

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Minneapolis, nina upinde wa mbao. Tangu Desemba mishale inaangukia chini ya shabaha na ugwe unanichapa mkono. Upinde umeharibika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuulaumu upinde, livue koti. Nguo nene hukufanya uvute kifupi usijue, mshale ukatoka bila nguvu. Na mkono wa koti ukifura, ugwe huupitia. Vaa nguo nyembamba tatu badala ya moja nene, kisha funga kinga ya mkono juu ya nguo zote. Mimi nilibishia jambo hili msimu mzima, nikapoteza mishale sita thelujini. Niliiokota Aprili.

Mbao kwenye baridi kali hukakamaa, na inaweza kupasuka. Kwa hiyo anza kwa kuvuta nusu mara kadhaa, ukiurudisha ugwe taratibu. Usiuachie ugwe bila mshale kamwe! Ukivuta hadi mwisho, usishikilie sana.

Ukirudi ndani, fungua ugwe, futa unyevu, weka upinde mbali na hita. Joto la ghafla hukausha mbao na kulegeza gundi. Vyuma vya mishale vitatoa jasho, vikaushe kabla ya kurudisha kwenye podo. Nta ya ugwe paka ndani ya nyumba, uisugue kwa vidole mpaka ipate moto, maana nje inakuwa ngumu kama mshumaa.

Manyoya ya mishale yaliyolala kwa theluji? Yapitishe kwenye mvuke wa birika, yatasimama.