Jibu: PlayStation ya kwanza kwa mdogo wako, inafaa bado?

Ndugu yangu, umeuliza kama umnunulie mdogo wako ile PlayStation ya zamani (mashine ya michezo ya video ya Sony) uliyoiona sokoni Kadutu, hapa Bukavu, au ataichoka kwa siku mbili. Inategemea utaweka mchezo gani.

Michezo ya picha bapa haizeeki. Super Mario Bros. ni ya 1985, lakini ukibonyeza, Mario anaruka papo hapo, na ukitumbukia shimoni unajua kosa ni lako. (Mario ni wa Nintendo, kampuni nyingine, kwenye PlayStation hutamkuta, tafuta Rayman ya 1995.)

Taabu iko kwenye michezo ya mwanzo ya 3D, yaani ya picha zenye kina. Tomb Raider ya 1996 ilituacha midomo wazi. Leo inachosha vidole: maneti (kifaa cha mkononi cha kuchezea) ya kwanza ya PlayStation haikuwa na vile vijiti viwili vya kidole gumba, basi Lara, shujaa wa mchezo, unamgeuza kama lori kwenye kona ya Nguba. Kamera nayo inakuficha unapotaka kuruka. Mtoto aliyezoea simu hatavumilia.

Tekken 3, mchezo wa kupigana wa watu wawili, ni habari nyingine. Anayeshindwa anampa mwenzake maneti, na sebule inajaa. Kwenye kibanda chetu cha michezo, umeme ukikatika katikati ya raundi, ugomvi ulifika hadi nyumbani.

Ukinunua, dai na kadi ya kumbukumbu, maana bila hiyo mchezo mrefu unauanza upya kila ukizima mashine. Na ijaribu pale pale: CD ikisitasita kusoma, mwachie mwenyewe.