Unameza predinisoloni kila siku? Anza kutunza mifupa mwezi wa kwanza

Mwenye pumu, lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) au baridi yabisi akianzishiwa predinisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, huogopa uso kuvimba na sukari kupanda. Mifupa haikumbukwi, maana haiumi. Kumbe inapungua kwa kasi zaidi miezi 3 hadi 6 ya mwanzo: seli zinazojenga mfupa zinalegea, utumbo unanyonya kalsiamu kidogo, na nyingine inatoka na mkojo. Pingili za mgongo huweza kubonyea kimyakimya.

Ukiandikiwa miligramu 2.5 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi, mwulize daktari kuhusu mifupa siku hiyohiyo. Usiache dawa ghafla kwa hofu. Mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuzidiwa vibaya. Daktari ndiye hupunguza dozi, kidogokidogo.

Kalsiamu inayotakiwa ni miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na vidonge kwa pamoja. Glasi ya mtindi ina kama 300. Dagaa wa feri uwale wazima, na vichwa vyao. Ufuta wa Lindi ni hazina, mradi haujakobolewa, na usagwe. Mbegu nzima hupita tumboni kama ilivyoingia. Korosho, wana Mtwara mtusamehe, hazimo: gramu 100 hazifikishi hata miligramu 50. Vidonge vya kalsiamu kaboneti meza pamoja na chakula, miligramu 500 kwa mara moja. Ukizidisha, mwili haunyonyi vizuri. Vitamini D ni yuniti 600 hadi 800 kwa siku. Mwenye lupasi asijianike juani kuitafuta, atumie vidonge.

Wengine huongezewa alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isipungue, miligramu 70 mara moja kwa wiki, na hapa ndipo makosa huwa mengi. Imeze ukiamka, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Ukishushia chai ya maziwa, kalsiamu inainasa dawa na haifanyi kazi. Ukirudi kujilaza, kidonge kinaunguza njia ya chakula. Kaa wima au tembea uwanjani dakika 30, ndipo unywe uji. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetarajia kubeba mimba, amwambie daktari kabla ya kuianza.

Kila miezi 3 jipime urefu kwenye mwimo wa mlango: peku, visigino ukutani, mtu akuwekee daftari kichwani na kuchora mstari. Mstari ukishuka sentimita 2, omba eksirei ya mgongo hata kama huumwi popote.