Usikimbilie kusahau

Mdogo wangu, umeuliza ufanyeje umsahau haraka mchumba aliyekuacha mahari ikiwa imeshatolewa, maana unalia hata kwenye daladala. Lia. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Wewe wiki ya tatu tu unajiita dhaifu!

Mimi shati la yule aliyeniacha lilining'inia nyuma ya mlango karibu mwaka mzima. Siku nilipolifua ndipo nikajua ninachokililia: si yeye sana, ni miaka niliyonyamaza ili asiondoke. Na akaondoka vilevile. Siku hizi sinyamazi.

Ile meseji ya saa nane usiku iandike daftarini, usimtumie. Ila usingizi na chakula vikikataa kabisa, nenda hospitali ukaonane na mshauri.