Kupima maji ya Mto Msimbazi pamoja na wanafunzi

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wa kidato cha tatu wanaweza kuchunguza uchafuzi wa Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, bila maabara kubwa. Wanaweza, mradi wachukue sampuli kabla mto haujafika Vingunguti, penye machinjio, baada ya hapo, na karibu na Jangwani, chini zaidi mtoni, kwa kuwa sampuli moja pekee haionyeshi uchafu umeingilia wapi. Joto na oksijeni iliyoyeyuka vipimwe pale pale mtoni, maana hubadilika upesi chupani. Sampuli ya bakteria iwekwe kwenye chupa iliyotakaswa, ihifadhiwe kwenye barafu na ifikishwe maabara ndani ya saa 24. Mimi ningetilia mkazo maji yanayomwagilia mchicha kandokando ya mto, kwani hayo yanagusa mlo wa wakazi. Tafadhali sana, wavae glavu na mabuti.